Mkuki uliopotea pichani: Jinsi tarakilishi inavyomtenga mtu na usuli wake

MKUKI ulipotea kati ya saa tatu na saa nne usiku, na hakuna aliyeng'amua hadi gazeti lilipokuwa tayari mitaani.

Picha yenyewe ilikuwa ya mwanariadha wa shule ya upili, mkono nyuma na kifua mbele, akijiandaa kuurusha mkuki. Msanifu wa kurasa alitaka kumtoa kijana huyo uwanjani na kumweka juu ya rangi tupu, mtindo ambao wasomaji wa kurasa za spoti wameuzoea. Akabofya mahali pa kubofya, programu ikafanya kazi yake kwa muda wa kupepesa jicho, ukurasa ukaenda mtamboni. Asubuhi tulimkuta shujaa wetu amekunja ngumi hewani, mithili ya abiria aliyeshika chuma ndani ya matatu iliyojaa pomoni.

Simu zilipigwa. Mzee mmoja alitaka kujua ni lini mchezo wa kurusha ngumi ulipoanzishwa katika shule zetu. Mimi ndiye niliyeupitisha ukurasa huo, na sikuwa na jibu.

Nilipoanza kazi hii, picha zilikatwa kwa wembe. Fundi aliinamia karatasi ya picha chini ya taa, akafuata mzingo wa bega, sikio na kidole, na kama mkono ulimtetemeka, picha nyingine ilisafishwa upya katika chumba cha giza. Ilikuwa kazi ya nusu saa au zaidi. Hata hivyo, fundi huyo asingeweza kuusahau mkuki, kwa sababu alijua kuwa kile alichokiona ni mkuki. Tarakilishi haijui. Inachofanya ni kukokotoa, na namna inavyokokotoa ndiyo niliyotaka kuielewa baada ya aibu ile.

Nilimpelekea picha hiyo mpwa wangu, ambaye anasomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu. Akaitia kwenye kipakatalishi chake, akaichorea mstatili, na kwa mara ya pili mkuki ukatoweka mbele ya macho yangu.

"Mjomba, mashine haikukosea," akaniambia. "Imefanya kile hasa ilichoagizwa."

Maelezo yanayofuata ni ya kuitetea kauli hiyo, ambayo mwanzoni niliiona ya utovu wa adabu.

Picha ya dijitali ni mkeka wa nukta ndogo ambazo wataalamu huziita pikseli. Picha ya kiasi tu, yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu, ina nukta 307,200, na kila moja ni nambari zinazoeleza rangi. Kumtenga mtu na usuli wake maana yake ni kuipa kila nukta mojawapo ya majina mawili: mtu au usuli.

Njia ya haraka ni kuiuliza kila nukta peke yake: je, rangi yako inafanana zaidi na ya mtu au ya uwanja? Njia hii huzaa vioja. Fulana ya samawati huchanganyikana na anga, kiatu cheusi na kivuli, na matokeo huwa mtu aliyetobolewatobolewa kama kitambaa kilichoingiliwa na nondo, huku vipande vya ngozi yake vikielea angani. Ndipo wataalamu wakaamua kwamba nukta isihukumiwe pasi na kuwasikiliza majirani zake. Nukta mbili zinazopakana na zenye rangi zinazokaribiana zinastahili kupewa jina moja, na anayetaka kuzitenganisha hana budi kulipa faini.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ukiwa na nukta 10, kuna njia 1,024 za kuzigawa. Ukiwa na nukta zetu 307,200, idadi ya njia ni nambari yenye tarakimu zaidi ya 92,000. Hakuna mashine itakayozijaribu zote, leo wala milele. Hata hivyo, kuna njia ya kuipata ile iliyo bora kuliko zote, si kwa kukisia bali kwa yakini, na njia hiyo imetokana na hesabu ya maji katika mabomba.

Chukua picha ndogo mno, yenye nukta tatu tu zilizo kwenye mstari mmoja. Tuziite A, B na C. Juu yake kuna tangi la maji liitwalo Mtu, na chini yake tangi jingine liitwalo Usuli. Kila nukta imeunganishwa kwa bomba na tangi la juu, na kwa bomba jingine na tangi la chini. Aidha, kila nukta ina bomba linaloiunganisha na jirani yake.

Upana wa bomba ndio unaobeba habari. Nukta ikifanana na rangi za mtu, bomba lake la kutoka tangi la Mtu huwa pana. Ikifanana na uwanja, bomba la kwenda Usuli ndilo huwa pana. Bomba la baina ya majirani huwa pana pale rangi zao zinapokaribiana, na huwa jembamba pale rangi zinapobadilika ghafla, kwa kuwa penye badiliko la ghafla ndipo aghalabu penye mpaka.

Tuseme bomba la A kutoka tangi la Mtu linapitisha lita 9 kwa dakika, na lile la kwenda Usuli lita 1. C ni kinyume chake: lita 1 kutoka juu, lita 9 kwenda chini. B ndiyo nukta ya kutatanisha: lita 4 kutoka juu, lita 5 kwenda chini. Kati ya A na B kuna bomba la lita 6, na kati ya B na C la lita 2.

Sasa tumeagizwa kukata mabomba hadi pasiwe na tone linaloweza kutoka tangi la juu likafika la chini, na gharama ya kukata kila bomba ni sawa na upana wake. Nukta zitakazobaki zimeshikamana na tangi la juu zitaitwa mtu. Zitakazobaki na tangi la chini zitaitwa usuli.

Lau B ingeamuliwa peke yake, ingekuwa usuli, kwa kuwa 5 ni zaidi ya 4. Lakini kuiweka B upande wa usuli kunatulazimu kukata lita zake 4 za juu pamoja na lita 6 zinazoiunganisha na A. Ukiongeza lita 1 ya A na lita 1 ya C, jumla ni 12. Kuiweka upande wa mtu kunagharimu lita 5 za chini, lita 2 za kuitenga na C, na zile mbili za A na C, yaani 9. Njia zote za kuzigawa nukta hizi ni nane, na msomaji mwenye kalamu na dakika tano anaweza kujithibitishia kwamba hakuna iliyo chini ya 9. Kwa hiyo B ni mtu, kwa sababu jirani yake A amemtetea.

Hadi hapo tumekata. Sasa tuyarejeshe mabomba yote, kisha tufungue maji na tuone ni kiasi gani kinachoweza kupita. Lita 1 inapita kwa A moja kwa moja hadi chini. Lita 4 zinapita kwa B. Lita 1 inapita kwa C. Tangi la juu bado lina nafasi katika bomba la A, hivyo tunapitisha lita 1 kutoka A kwenda B na kushuka, ambapo bomba la chini la B linajaa. Lita 2 zaidi zinapita A, B, C, kisha zinashuka. Baada ya hapo hakuna njia iliyobaki. Jumla ya maji yaliyopita ni lita 9.

Tisa ya kukata, tisa ya kupitisha. Hiyo si sadfa. Katika mtandao wowote wa mabomba, kiasi kikubwa kabisa cha maji kinachoweza kupita ni sawa na gharama ndogo kabisa ya kuukata mtandao huo vipande viwili. Anayetafuta mkato nafuu hahitaji kujaribu mikato yote. Atie maji tu hadi yasite, kisha aangalie ni wapi mabomba yamejaa na kuziba njia. Nimefanya kazi na maneno maisha yangu yote, nami nakiri kwamba ni sentensi chache nilizopata kuzihariri zilizokuwa na uzito wa hiyo.

Walioithibitisha kauli hii walikuwa Lester Ford na Delbert Fulkerson, wanahisabati wa shirika la utafiti la RAND nchini Marekani, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1956. Mwaka huohuo Peter Elias, Amiel Feinstein na Claude Shannon waliithibitisha pia kwa njia yao. Lakini Ford na Fulkerson hawakuwa wakiwaza picha, wala mabomba ya maji. Swali waliletewa na mwenzao, T. E. Harris, ambaye pamoja na jenerali mstaafu F. S. Ross alikuwa akichunguza reli za Muungano wa Kisovieti.

Ripoti ya Harris na Ross ya mwaka wa 1955 ilikuwa siri. Ilichora reli zilizotoka Urusi kuelekea Ulaya Mashariki kama mtandao wa vituo 44 na njia 105, ikakadiria kuwa mtandao huo ungeweza kupitisha tani 163,000, na ikachora mstari pale penye kizingiti. Wamarekani walitaka kujua ni reli zipi wangezikata, ikiwa vita vingezuka, ili kuukomesha usafiri huo kwa gharama ndogo kabisa. Ripoti hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1999, baada ya mwanahisabati wa Uholanzi, Alexander Schrijver, kuomba ifunguliwe. Hesabu iliyotungwa kwa ajili ya mabomu ndiyo leo inayomtenga bi harusi na ukuta ulio nyuma yake.

Safari ya kutoka reli hadi picha ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Mnamo 1989, watakwimu watatu wa Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza, Greig, Porteous na Seheult, walionyesha kwamba picha ya nyeusi na nyeupe iliyochafuliwa inaweza kusafishwa kwa mkato nafuu, na kwamba jibu linalopatikana ndilo bora kuliko yote. Walidhihirisha pia kuwa mbinu maarufu ya wakati huo, ambayo ilijaribu na kujaribu kwa kubahatisha, ingeweza kuishia mbali na jibu hilo. Makala yao ilikaa karibu miaka kumi bila kushughulikiwa sana na watu wa taaluma ya picha. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya tisini, Yuri Boykov, Olga Veksler na Ramin Zabih wa Chuo Kikuu cha Cornell walipoonyesha jinsi ya kuitumia hesabu hiyo hata pale ambapo majina ya nukta si mawili bali ni mengi.

Majina yakiwa matatu au zaidi, yakini iliyokuwapo hutoweka, kwani tatizo hilo ni miongoni mwa yale ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kikamilifu. Walichofanya watatu hao ni kulivunja swali kubwa kuwa mfuatano wa maswali ya ndiyo au la, kila moja likitatuliwa kwa mkato, na wakathibitisha kuwa, kwa aina fulani ya faini, jibu la mwisho haliwezi kugharimu zaidi ya mara mbili ya lile bora.

Mwaka wa 2001, Boykov na Marie-Pierre Jolly, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Siemens huko Princeton, Marekani, walitoa mbinu ambayo daktari anaweza kuielewa: chora mstari mdogo ndani ya figo, chora mwingine nje yake, na mashine ikamilishe mpaka. Siemens ilipewa hataza ya Marekani kwa uvumbuzi huo mwaka wa 2005.

Na sasa tumefika kwenye maktaba. Neno hili lisimpotoshe msomaji. Hakuna rafu wala vitabu, na hakuna anayekuamuru unyamaze. Katika lugha ya watengenezaji wa programu, maktaba ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mwandishi wa programu nyingine huyaazima badala ya kuanza upya. Mwashi hafinyangi tofali kila anapojenga ukuta.

Maktaba mashuhuri zaidi ya kukokotoa mikato ya picha iliandikwa na Vladimir Kolmogorov. Yeye na Boykov walikuwa wameibuni mbinu yake wakiwa Siemens, lakini ili watu wote waweze kuitumia, Kolmogorov aliiandika upya kwa kutegemea makala zilizokwisha kuchapishwa hadharani. Matoleo ya baadaye yalitolewa kwa leseni huria ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, mradi naye asiwafiche wengine maagizo ya programu atakayoisambaza.

Kwa jinsi inavyotumiwa, maktaba hiyo ni sahili ajabu. Mwandishi wa programu huiagiza mambo matano: ongeza nukta, unganisha nukta mbili kwa bomba la upana huu, iunganishe nukta na matangi mawili, fungua maji, na mwisho niambie nukta hii imebaki upande gani. Utata wote umefichwa ndani ya agizo la nne.

Ndani yake, mbinu ya Boykov na Kolmogorov huotesha miti miwili. Mmoja unaota kutoka tangi la juu, mwingine kutoka tangi la chini, na matawi yao huenea kupitia mabomba ambayo hayajajaa. Matawi yakigusana, njia imepatikana, na maji hupitishwa hadi bomba fulani lijae. Bomba likijaa, tawi hukatika, na nukta zilizokuwa juu yake huachwa bila mzazi. Waandishi wenyewe huziita mayatima. Kinachofuata ni hatua ya kuwatafutia mayatima hao mzazi mwingine ndani ya mti uleule, na asiyepata mzazi hurudi kuwa huru. Kisha miti huendelea kuota pale ilipofikia. Mbinu za awali ziliianza upya kazi ya kutafuta njia kila mara, ilhali hii haitupi jasho lililokwisha kutoka.

Hapa kuna jambo ambalo wanahisabati hulitaja kwa haya kidogo. Ukiikadiria mbinu hii kwa kanuni za nadharia, kwa kuangalia hali mbaya kabisa inayoweza kutokea, ni dhaifu kuliko zile zilizoitangulia. Lakini katika makala yao ya mwaka wa 2004, Boykov na Kolmogorov waliipambanisha na wapinzani wake kwa picha halisi, nayo ikawashinda katika sehemu kubwa ya majaribio, mara nyingi kwa mbali. Sababu ni kwamba picha si mtandao wa mabomba uliotungwa na hasidi. Kila nukta ina majirani wachache, na nukta nyingi zimeungana moja kwa moja na matangi yote mawili, kwa hiyo njia nyingi ni fupi.

Ukawaida huohuo wa picha ulitumiwa na watafiti wa Prague, katika Jamhuri ya Czech, walipotoa maktaba ya GridCut mwaka wa 2012. Waliona kwamba picha imepangika kama ubao wa drafti, hivyo hakuna haja ya kuandika katika kumbukumbu kwamba nukta fulani ni jirani ya nukta fulani. Nafasi yake kwenye ubao inatosha kueleza. Kumbukumbu ikapungua na kasi ikaongezeka. Mmoja wao, Daniel Sýkora, alikuwa ameshaonyesha pamoja na wenzake mwaka wa 2009 jinsi mikato inavyoweza kuwasaidia wachoraji wa vikaragosi kupaka rangi michoro ya mkono bila kuhangaika na mistari isiyokutana.

Kwa watu wa magazeti, mwaka wa kukumbukwa ni 2004. Ndipo Carsten Rother, Kolmogorov na Andrew Blake, wakiwa katika maabara ya Microsoft huko Cambridge, Uingereza, walipotoa mbinu iitwayo GrabCut. Mtumiaji anachora mstatili tu kumzunguka mtu. Kila kilicho nje ya mstatili ni usuli bila shaka, na kilicho ndani kinadhaniwa kuwa mtu. Mashine hujifunza rangi za pande zote mbili, hukata, hujifunza upya kutokana na mkato huo, hukata tena, na huendelea hivyo hadi mambo yatulie. Mbinu hiyo imo katika OpenCV, maktaba ya bure ya kushughulikia picha iliyoanzishwa na kampuni ya Intel mwaka wa 1999, na ndiyo aliyoitumia mpwa wangu.

Hatukuwa wa kwanza kutahayari. Katika mafunzo rasmi ya OpenCV, mwanafunzi huonyeshwa picha ya mchezaji Lionel Messi akiwa na mpira. Mkato wa kwanza humwondolea Messi nywele, na badala yake hubakiza sehemu ya uwanja. Waandishi wa mafunzo hayo hawaifichi kasoro hiyo. Wanaitumia kufundisha jinsi ya kuirekebisha kwa kuchora alama chache.

Nywele za Messi na mkuki wetu vina ugonjwa unaofanana. Kumbuka kwamba kila hatua ya mpaka ina faini yake. Tuseme sehemu ya mkuki inayochomoza mbele ya ngumi ina urefu wa nukta 200 na upana wa nukta 2. Kuihifadhi kunailazimu mashine ichore mpaka wa hatua 200 upande wa juu na 200 upande wa chini, na katika kila hatua ilipe faini. Kuikata penye ngumi ni mpaka wa hatua 2 tu. Kweli, ikiikata hapo italipa kidogo kwa kuzipa jina la usuli nukta 400 ambazo si usuli. Lakini mkuki wenye rangi ya kijivu chini ya anga ya kijivu hauipi mashine sababu ya kuzitetea nukta hizo. Njia ya mkato, kwa maana zote mbili za neno hilo, ndiyo yenye gharama ndogo.

Wataalamu wanaufahamu upendeleo huu wa mipaka mifupi. Chochote chembamba na kirefu kimo hatarini: vidole, nywele, miguu ya ndege, spoki za baiskeli.

Na mishipa ya damu. Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Mkuki ukipotea gazetini, mhariri anaona haya. Mshipa ukipotea katika picha ya ini ambayo daktari wa upasuaji anaitumia kupanga mahali pa kupitisha kisu, hasara haisahihishwi kesho yake. Ndiyo maana mbinu hii katika tiba imeundwa tangu mwanzo kama mazungumzo: mashine inapendekeza, mtaalamu anaongeza mstari hapa au pale, mashine inakokotoa upya. Maktaba ya Kolmogorov katika matoleo yake ya baadaye inaweza hata kuitunza ile miti miwili baada ya jibu la kwanza, ili badiliko dogo lisihitaji kazi yote kuanza upya. Jibu huitwa bora kuliko yote kwa kipimo cha faini zilizowekwa tu, na anayeziweka ni binadamu.

Kuna hatari nyingine, na hii ni ya taaluma yetu hasa. Mwaka huohuo wa 2004, Aseem Agarwala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington na Microsoft walionyesha jinsi mikato inavyoweza kuunganisha picha kadhaa za kundi moja. Katika picha ya kwanza mjomba amefumba macho, katika ya pili shangazi anatazama kando. Mashine huchukua uso mzuri wa kila mmoja na kutafuta mshono usioonekana kati ya vipande. Kwa picha ya familia, hiyo ni baraka. Kwa picha ya habari, ni uzushi, maana wakati ambapo watu wote wale walitabasamu pamoja haukuwapo kamwe. Binafsi, naona afadhali waziri aonekane amefumba macho.

Ni haki niseme kwamba mikato si tena mfalme wa uwanja huu. Tangu mwaka wa 2015 hivi, mitandao ya neva inayofunzwa kwa mifano mingi imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. U-Net ya watafiti wa Freiburg, Ujerumani, ilitolewa mwaka huo kwa ajili ya picha za tiba, na mnamo 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wake wa kutenga karibu kitu chochote pichani. Mifumo hiyo inaweza kuutambua mkuki kwa kuwa imeona maumbo mengi ya namna hiyo. Lakini inahitaji mifano, na mingi huhitaji mashine zenye nguvu. Mkato hauhitaji kufunzwa. Picha moja, mstatili mmoja na kipakatalishi cha kawaida kisicho na intaneti vinatosha, na ukitaka kujua kwa nini nukta fulani imetupwa nje, unaweza kuzihesabu faini moja baada ya nyingine, kama tulivyofanya kwa A, B na C.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuzihesabu. Akachagua rangi nyeupe, akachora mstari mwembamba juu ya mkuki kutoka ncha hadi mkiani, alama ya kuiambia mashine kwamba nukta hizo ni za mtu na hakuna mjadala. Kwa lugha ya mabomba, alizipa bomba la juu ambalo haliwezi kukatwa. Akabonyeza kitufe. Mkuki ukarudi, ncha kidogo butu, lakini wote.

"Ndiyo hivyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo tu, Mjomba. Lakini sharti awepo mtu wa kuangalia."

Siku iliyofuata tulichapisha masahihisho ya mistari mitatu katika ukurasa wa pili, na kando yake tukaiweka picha nzima kama ilivyopigwa, pamoja na uwanja, anga ya kijivu na mwamuzi aliyesimama nyuma akipiga miayo.